WAKIMBIZI NA UBAGUZI KATIKA VITABU VYA WATOTO: TUKIANZIA GUMBO

Ukivuka daraja la Juba kwenda mashariki ya Mto Nile, barabara ya Nimule inapitia Gumbo. Malori ya kutoka Uganda na Kenya hupita hapo, na Kiswahili husikika pamoja na Kiarabu cha Juba na Kibari. Upande huohuo wa mto, si mbali, ndipo ilipokuwa Gondokoro, kituo cha wafanyabiashara wa Khartoum waliochukua pembe za ndovu na watumwa katika karne ya 19. Mwaka 1871 Samuel Baker alifika kwa niaba ya Khedive wa Misri, akisema amekuja kuikomesha biashara hiyo. Itakumbukwa kwamba neno *abid*, yaani watumwa, lilibaki midomoni mwa watu hata biashara ilipokwisha. Wakati wa vita vya 1983 hadi 2005, watu wa Kusini waliokimbilia Khartoum waliendelea kuitwa hivyo.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapokwama. Tumezoea kusema "ubaguzi wa rangi", msemo unaotukumbusha Afrika Kusini ya makaburu na Marekani. Lakini aliyeitwa *abid* na aliyemwita mara nyingi walikaribiana kwa rangi. Kilichobaguliwa ni nasaba. Wala tusijifanye wageni wa jambo hili. Pwani yetu ilikuwa na waungwana na washenzi, na mshenzi hakutambuliwa kwa ngozi tu.

Vitabu vya watoto wa miaka kumi hivi vinavyosimulia wakimbizi wa Sudan Kusini viliandikwa zaidi Marekani. Kinachojulikana sana ni *A Long Walk to Water* cha Linda Sue Park (2010). Kinafuata kisa cha kweli cha Salva Dut, Mdinka aliyekimbia akiwa darasani mwaka 1985, umri wake miaka 11, akapitia Ethiopia na kambi za Kenya hadi kufika Marekani mwaka 1996. Pembeni yake yupo Nya, msichana wa Kinuer anayeteka maji mbali mwaka 2008. (Vijana kama Salva walipewa na wageni jina la wale wavulana wa hadithi ya Peter Pan. Mfasiri ajihadhari: kwa Kiswahili kijana "aliyepotea" aghalabu ni aliyeharibika tabia, na hawa walikuwa wamefukuzwa makwao.)

Mwishoni kisima kinachimbwa kijijini kwa Nya, naye anagundua kwamba kiongozi wa wachimbaji ni Mdinka. Msomaji wa mbali huenda akaipita sehemu hiyo haraka. Gumbo haipitiki hivyo. Desemba 2013 vita vilizuka Juba, na watu wakauawa mitaani na majumbani kwa kuwa ni Wanuer. Kwingineko Wadinka nao wakauawa kwa kuwa ni Wadinka. Familia zilizokimbia zilipata hifadhi katika misheni ya Wasalesiani hapo Gumbo. Mtoto aliyelala chini ya turubai kwa sababu ya jina la kabila hahitaji kuelezwa kwa nini Nya alishangaa.

Wako watakaoshauri kwamba, kwa usalama, majina ya makabila yaachwe katika tafsiri na wote waitwe "watu wa kusini". Sisi hatukubali. Ukiyaondoa, Nya hana la kushangaa, na Salva anabaki fundi wa visima tu.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na wengi waliorudi kutoka Kakuma walirudi na Kiswahili chao. Wasomaji basi wapo. Tunapendekeza sura hiyo ya kisima iwe zoezi la tafsiri kwa mwaka wa tatu, na darasa liamue lenyewe kama litumie "ubaguzi wa nasaba" au "ukabila" litakapoieleza, ila Mdinka aitwe Mdinka na Mnuer aitwe Mnuer.