Mto Ruvuvu: Mto Mmoja, Tahajia Mbili

Mto Ruvuvu ni tawimto la Mto Kagera linalopita katika Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Chanzo chake kipo kaskazini mwa Burundi, karibu na Kayanza. Mto huo hupinda kuelekea kusini, kisha kaskazini mashariki, na kwa sehemu ya safari yake huwa mpaka wa Burundi na Tanzania. Baada ya hapo huelekea kaskazini na kuungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, ulipo mradi wa umeme wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi.

Nchini Burundi jina huandikwa Ruvubu, na huhusishwa na neno imvubu, yaani kiboko. Herufi b ya Kirundi hutamkwa kwa ulaini unaokaribia v, ndiyo maana upande wa Tanzania huandikwa Ruvuvu. Mwananchi anayekuta tahajia hizo mbili katika ramani au matangazo atambue kuwa mto ni huohuo.

Ngara na jirani yake Biharamulo zina misitu ya miombo yenye miti ya mbao, ukiwemo mninga. Misitu hiyo huzuia udongo kusombwa hadi mitoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.