Wimbo wa Taifa Uwanjani

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mlio madarasani sasa, kila tunapokutana swali ni lile lile: kabla ya mpira wa wazee na vijana, tuimbe Wimbo wa Taifa au tuanze mchezo? Tusijibu kabla ya kuitazama historia.

Desturi hii si ya kale kama wengi wanavyodhani. Huko Marekani ilipata nguvu mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, bendi ilipopiga "The Star-Spangled Banner" katika mchezo wa besiboli mjini Chicago. Wimbo huo haukuwa hata wimbo rasmi wa taifa; ulifanywa rasmi mwaka 1931.

Uzuri na uzito wa desturi hii vilionekana pamoja mwaka 1968, katika Olimpiki za Mexico. Tarehe 13 Oktoba Naftali Temu alishinda mbio za mita 10,000, akaipatia Kenya yetu medali yake ya kwanza ya dhahabu. Uhuru wetu ulikuwa haujatimiza miaka mitano. Kwa watu waliotoka kutawaliwa, bendera ile iliyopanda juu ya nyingine haikuwa pambo. Ilisema kwamba nasi tupo.

Siku tatu baadaye, katika michezo hiyo hiyo, Mmarekani mweusi Tommie Smith alishinda mita 200 kwa sekunde 19.83, rekodi ya dunia. Mwenzake John Carlos akawa wa tatu. Walipanda jukwaani bila viatu, kuonyesha umaskini wa watu wao, na wimbo wa nchi yao ulipopigwa wakainamisha vichwa na kuinua ngumi zenye glavu nyeusi. Peter Norman wa Australia, mzungu aliyekuwa wa pili, alivaa beji ya haki za binadamu kama yao. Smith na Carlos walifukuzwa kambini. Lakini Norman alipofariki mwaka 2006, hao wawili ndio waliosaidia kubeba jeneza lake, na mwaka 2012 Bunge la Australia likamwomba radhi marehemu.

Basi wimbo mmoja humpa huyu furaha, na kwa mwingine ni deni ambalo nchi yake haijamlipa. Wote wawili ni wananchi.

Nasema haya nikiwa na langu moyoni. Nilipokuwa kiranja hapa, siku ya michezo nilimwandika jina mwenzetu aliyesimama wima lakini hakuimba. Akaondolewa katika mbio za kupokezana vijiti. Sikumwuliza sababu, wala sikuwaza kwamba kusimama kwake kulikuwa heshima tosha.

Rai yangu ni hii: tuimbe, tena kwa sauti, lakini asiandikwe mtu jina. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Nawe mwenzangu, kama utafika uwanjani mwaka huu, nitakutafuta nikupe mkono.