Upana Usiokuwepo: Ugeuzaji wa Rekodi za Mono kuwa Stereo na Thamani ya Kiushahidi ya Kanda za Radio Tanzania

Tangu mwaka 1965 hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ndiyo iliyokuwa mrekodi mkuu wa muziki wa dansi nchini. NUTA Jazz, Western Jazz na bendi nyingine zilipiga kwa pamoja studioni, na mlingano wa sauti ulipangwa papo hapo kabla haujaingia kwenye ukanda wa sumaku. Sehemu kubwa ya rekodi za miaka ya 1960 na 1970 ni za mono. Hali hiyo haikuwa na kasoro kwa matumizi yake. RTD ilirusha matangazo kwa masafa ya kati na mafupi, na msikilizaji wa Magindu, katika Wilaya ya Kibaha ya leo, aliyapokea kwa redio ya betri yenye spika moja. Ukanda, mawimbi na chombo cha kupokelea vililingana.

Mtafiti wa leo hukutana na nyimbo hizo katika hali nyingine: faili la kidijiti lenye chaneli mbili. Swali linalofuata ni la kihistoria zaidi kuliko la kiufundi. Je, upana unaosikika unashuhudia jinsi bendi ilivyokaa studioni, au umeongezwa baadaye?

Tamaa ya kuongeza upana ina historia yake. Alan Blumlein wa EMI aliwasilisha hataza yake ya stereo mwaka 1931, lakini sahani za stereo zilienea sokoni kuanzia 1958. Kampuni zenye hazina ya mono zilijikuta na bidhaa iliyozeeka ghafla. Capitol ya Marekani ilijibu kwa sahani zilizoitwa Duophonic: sauti nzito zilisisitizwa upande mmoja, nyembamba upande wa pili, na upande mmoja ukacheleweshwa kidogo.

Mbinu hiyo haiufai muziki wa dansi. Gitaa la solo, la ridhimu na la besi hukaribiana sana katika masafa, na utamu wake umo katika kusukana kwa mapigo yao. Zikigawanywa kwa uzito wa sauti, gitaa moja likipanda kutoka noti za chini hadi za juu husikika likihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, mwendo ambao hakuna mpigaji aliyeufanya.

Ucheleweshaji nao una gharama. Sauti ikicheleweshwa milisekunde 1 upande mmoja, kisha pande zote mbili zikaunganishwa kwa nguvu sawa, masafa ya hezi 500 hufutika, na vivyo hivyo 1,500 na 2,500. Hayo ni masafa ya mwimbaji. Kwa hiyo nakala iliyopanuliwa ili ipendeze kwenye spika mbili inaweza kumpokonya maneno ya wimbo msikilizaji wa Magindu anayeisikiliza kwa simu yenye spika moja, yaani mrithi halisi wa msikilizaji aliyekusudiwa na RTD.

Holger Lauridsen wa redio ya Denmark alionyesha njia ya uangalifu zaidi katika miaka ya 1950, nayo ikafafanuliwa na Manfred Schroeder mwaka 1958. Nakala iliyocheleweshwa huongezwa kwenye chaneli moja na kutolewa kwenye nyingine. Chaneli zikijumlishwa, nyongeza hujifuta na mono ya awali hurejea. Upana bado ni wa kubuni, lakini angalau unarudishika.

Kwa mhakiki wa vyanzo, jaribio la kwanza ni rahisi: wimbi la chaneli moja ligeuzwe kinyume, kisha lijumlishwe na la pili. Kimya kamili huonyesha mono iliyonakiliwa mara mbili. Mvumo wa ukanda pekee huashiria ukanda wa mono uliosomwa kwa hedi ya chaneli mbili. Yakibaki mabaki membamba ya sauti za juu, huenda pembe ya hedi haikulingana na ukanda; huu ni upana wa bahati mbaya, na ndio unaodanganya zaidi kwa sababu hakuna aliyeukusudia. Magitaa au mwangwi vikibaki waziwazi, kuna stereo halisi au uchakataji, na hapo kumbukumbu za uhamishaji ndizo zinazoamua.

Programu za kutenganisha ala, kama Spleeter iliyotolewa na Deezer mwaka 2019, zimelifanya tatizo kuwa gumu zaidi. Sasa mwimbaji anaweza kuwekwa katikati na saksafoni kando kwa usafi unaoshawishi, ingawa nafasi hizo amezichagua mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Kinachoshuhudiwa na ukanda wa mono ni kina, si upana: nani alikuwa karibu na maikrofoni, nani alisimama nyuma, na chumba kilirudisha nini. Faili la mono lisilochakatwa likikosekana kando ya toleo lililopanuliwa, ushahidi huo hausomeki tena.