Muuguzi hupimaje maumivu ya mgonjwa?

MAUMIVU hayana kipimo cha damu wala picha ya eksrei. Picha huonyesha mfupa uliovunjika, ila haionyeshi jinsi unavyomuuma mwenyewe. Jukumu la kuyatambua na kuyapunguza humwangukia zaidi muuguzi, kwa kuwa ndiye akaaye na mgonjwa usiku na mchana.

Mnamo 1968, muuguzi wa Marekani, Margo McCaffery, alifundisha kwamba maumivu ni yale anayoyaeleza mgonjwa, na yapo kila anaposema yapo. Shahidi mkuu basi ni mgonjwa mwenyewe. Jasho na mapigo ya moyo ya kasi huweza kuashiria maumivu, lakini aliyeyazoea kwa miezi mingi huweza kutulia, hata akacheka na wageni, ilhali anateseka.

Hatua ya kwanza ni kuuliza. Ni wapi panapouma? Maumivu yalianza lini? Yanasambaa? Ni nini huyazidisha, na ni nini huyatuliza? Je, yanamnyima mgonjwa usingizi?

Muuguzi huuliza pia yanaumaje. Hapa lugha ya Kiswahili humfaa sana, kwani tumbo husokota, jino hupwita, kichwa huwanga na kidonda huchonyota. Mwenye kisukari anayelalamika kwamba nyayo zinawaka moto au zinadungwa sindano huenda neva zake zimeathirika. Mgonjwa kama huyo hapati nafuu kubwa kwa parasetamoli. Aghalabu huhitaji dawa ya aina nyingine, kama vile amitriptilini.

Kisha hufuata kupima ukali. Mgonjwa huombwa ataje nambari kati ya 0 na 10, ambapo 0 ni kutokuwa na maumivu yoyote na 10 ni maumivu makali kupita yote. Kwa kawaida, 1 hadi 3 huhesabiwa kuwa madogo, 4 hadi 6 ya wastani, na 7 kwenda juu makali. Mtoto huonyeshwa picha sita za nyuso, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia, achague inayofanana na hali yake. Kwa mtoto asiyeweza kusema, muuguzi hutazama mambo matano: uso, miguu, mienendo, kilio na jinsi anavyobembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2.

Hata hivyo, nambari pekee haitoshi. Mwanamume aliyefunzwa jandoni kutopepesa jicho mbele ya kisu huenda akataja 2 baada ya upasuaji wa tumbo. Muuguzi stadi humwomba akohoe, avute pumzi kwa kina na ajigeuze kitandani. Akishindwa, maumivu hayajadhibitiwa. Kuvumilia huko kuna hatari: asiyepumua vyema huweza kupata nimonia, na asiyesogea huweza kuganda damu miguuni.

Kuhusu tiba, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwaka 1986 ngazi ya vidato vitatu kwa wagonjwa wa saratani. Cha kwanza ni dawa kama parasetamoli na ibuprofeni. Cha pili, kodeini. Cha tatu, mofini. Maumivu ya kudumu huhitaji dawa kwa saa maalumu, pasipo kungoja mgonjwa alie.

Fauka ya dawa, muuguzi humgeuza mgonjwa, humwekea barafu penye uvimbe, na humpa mto aukumbatie tumboni anapokohoa. Mtoto mchanga anayedungwa sindano hutulizwa kwa kunyonyeshwa.

Hatua ya mwisho, ambayo husahaulika mara nyingi, ni kurudi na kuuliza tena, takriban nusu saa baada ya sindano au saa moja baada ya tembe. Kwa anayetumia mofini, muuguzi huchunguza pumzi na usingizi wake, na huhakikisha amepewa dawa ya kulainisha choo.

Hofu ya uraibu imewanyima wengi mofini, ingawa hatari hiyo ni ndogo kwa mgonjwa wa saratani anayeipata kwa kipimo na uangalizi. Mwaka 2010, shirika la Human Rights Watch liliripoti kuwa ni hospitali chache mno za umma nchini Kenya zilizokuwa na mofini ya kunywa. Jirani zetu wa Uganda walikuwa wamebadilisha kanuni zao mwaka 2004, wakawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiagiza wenyewe.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Aseme panapouma, ataje nambari bila kuona haya, na aeleze iwapo dawa haikumsaidia. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.