Dan Scott: baba mmoja, sura nyingi

Nimeirudia One Tree Hill, tamthilia ya vijana ya Marekani iliyorushwa kuanzia 2003 hadi 2012, na Dan Scott bado ananisumbua. Mwanzoni anaeleweka: alimtelekeza Karen akiwa na mimba ya Lucas, kisha akambana Nathan kwa mpira wa kikapu kana kwamba mtoto ni kombe lake. Mwaka 2006 akampiga risasi kaka yake Keith kwenye korido ya shule. Haya, sasa ni muuaji.

Alipotoka jela waandishi wakaanza kuyumba. Mara kichekesho (mbwa akala moyo aliotakiwa kupandikizwa!), mara babu anayempenda Jamie, mara mjanja yuleyule wa zamani. Msimu wa mwisho akafa baada ya kumwokoa Nathan, nasi tukatakiwa kulia.

Nililia, sikatai. Mzazi mgumu anaweza kubadilika. Ila toba ya Dan ilipimwa kwa mizani ya Nathan tu. Karen alibaki na Lily, binti wa Keith aliyezaliwa baba yake akiwa kaburini. Hilo deni, jamani, nani alililipa?