Nyumba ya Lamu: Mwelekeo na Maana Yake

Mwalimu afundishapo msamiati wa nyumba, aghalabu hutaja mlango, ukuta, paa na dirisha, kisha huendelea na somo jingine. Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi kati ya zilizobaki ni za karne ya 18, zatuonyesha kwamba maneno hayo yana undani zaidi.

Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikachukuliwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Umbo hilo lililotokana na mti, watu walilipa maana.

Mgeni alianzia dakani, penye mabaraza ya mawe, na huko ndiko mazungumzo mengi yalikoishia. Aliyeruhusiwa alipita tekani hadi kiwandani, yaani uani. Baada ya kiwanda ulikuja msana wa tini, kisha msana wa yuu, na mwisho ndani, chumba cha faragha. Sakafu ilipanda kidogo kwa kila hatua, na heshima ilipanda pamoja nayo. Isitoshe, nyumba nyingi zilikabili kaskazini. Na kutoka Lamu, kibla kiko karibu kaskazini kabisa. Hivyo aliyeketi msanani akitazama kiwanda alielekea Makka.

Mpangilio huu umeacha alama katika lugha. Baraza, kiti cha mawe cha nje, limekuwa jina la mkutano, hata tukawa na Baraza la Mawaziri. Mlango, huko pwani, ni pia tawi la ukoo. Sisi wa Burundi hatuna haja ya kulistaajabia hilo: katika Kirundi, umuryango ni mlango na ni jamaa pia, na inzu ni nyumba na ni ukoo. Mwanafunzi wa Bujumbura, basi, anayo tayari nusu ya somo kinywani mwake.

Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mawe yamepata mlinzi. Lakini daka, tekani na msana ni maneno ambayo wanafunzi wetu wengi hawajapata kuyasikia, na yasipotamkwa darasani yatabaki katika kamusi tu. Tuyafundishe pamoja na nyumba iliyoyazaa.