Bendera za Mangi Rindi

Mangi Rindi, mtawala wa Wachaga wa Moshi kwenye mlima Kilimanjaro, alikuwa na jicho moja, na wageni wa Kizungu waliopanda kwenda kumwona hawakusahau kuliandika hilo. Watu wa pwani walimwita Mandara, na ndilo jina lililoingia kwenye mikataba. Alikisema Kiswahili vizuri, alifuatilia habari za Pangani na Mombasa kupitia misafara ya pembe, na alijua kwamba mgeni aliyefika na wapagazi wenye njaa hana ubavu wa kubishana kuhusu hongo, kwa ile maana ya zamani ya ushuru wa njia. Mmisionari Mwingereza Charles New alilijifunza hilo kwa uchungu. Katika safari yake ya pili alinyang'anywa mali Moshi, na mwaka 1875 akafia njiani akirudi pwani.

Moshi yenyewe si huu mji wa leo wa stesheni na masoko. Ni ile ya juu, Old Moshi, unayoifikia kwa kupanda kutoka Kiboriloni, katikati ya vihamba (mashamba ya ukoo) na mifongo (mifereji) ya maji. Nchi ya Rindi haikuwa kubwa. Upande wa magharibi, ng'ambo ya Uru, alikaa Mangi Sina wa Kibosho, mwenye boma la kuta za mawe na askari waliomzidi Rindi kwa nguvu. Msomaji akimsahau Sina hatamwelewa Rindi. Vitabu vingi vinamwonyesha Rindi kama kigeugeu aliyeuza nchi kwa kila aliyepita, lakini yeye alikuwa na swali moja tu kwa kila mgeni: utanisaidia nini dhidi ya Kibosho?

Alimuuliza hivyo Harry Johnston, Mwingereza aliyefika mwaka 1884 akisema amekuja kukusanya mimea na ndege. Johnston alikaa Moshi miezi kadhaa huku vita vikiendelea, akakosana na mwenyeji wake, akahamia Taveta. Huko akajipatia ardhi pamoja na karatasi za kuithibitisha. Ndege na mimea havikuwa kazi yake peke yake.

Kule Unguja, Sultani Seyyid Barghash bin Said aliamini bara lote la nyuma ya mwambao ni lake. Hakuwa na liwali Moshi wala Kibosho, hakuwa na askari wa zamu mlimani. Alichokuwa nacho ni misafara: nguo, shanga na baruti zilipanda, pembe na watumwa wakashuka, na forodha za pwani zikamletea mapato. Wahenga walisema zumari likipigwa Unguja hucheza wa Maziwa. Kilimanjaro walilisikia zumari hilo vizuri sana, ila kabla ya kucheza walitaka kujua mpigaji ameleta nini.

Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya misalaba ya kalamu kwenye hati zilizoandikwa Kijerumani. Februari 27, 1885, Kaizari Wilhelm I akazikingia kifua kwa waraka rasmi. Habari zilipomfikia Barghash, alilalamika kwa simu ya maandishi mwezi Aprili, kisha akafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, alipaswa kulifanya miaka 10 kabla: akatuma watu bara kutangaza utawala wake. Mwezi Mei msafara wa askari wa Sultani ulielekea Kilimanjaro ukiongozwa na Lloyd Mathews, mwanamaji wa Kiingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi la Unguja. Bendera nyekundu ikapandishwa mlimani. Wamangi kadhaa wa Uchaga na wakuu wa Taita wakakiri kwamba wao ni raia wa Seyyid. Rindi alikuwa miongoni mwao.

Wiki chache baadaye akaja Karl Jühlke, mshirika wa Peters. Juni 19 Rindi akaweka alama yake kwenye mkataba mwingine, safari hii akiwapa Wajerumani nchi, zikiwemo sehemu za Uchaga ambazo hakuwahi kuzitawala hata siku moja. Hapo ndipo ujanja wake unapong'aa. Kwa kumwita mtawala wa Uchaga nzima, Jühlke alipata ardhi kubwa kwa karatasi moja, na Rindi akapata kuitwa mkubwa wa Sina bila kurusha mkuki. Kila mmoja aliondoka akidhani amempunja mwenzake.

Barghash hakupewa nafasi ya kujibu. Agosti 7 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, na baada ya siku chache akakubali yaliyotakiwa. Waingereza aliowategemea walimshauri akubali. Kisha, kwa mapatano ya Novemba 1886, London na Berlin zikamwachia visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na bara zikagawana. Mstari ulitoka mdomo wa mto Umba ukapanda hadi Ziwa Jipe, ukauzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, ukaenda zake Ziwa Victoria. Ile hadithi ya Malkia Victoria kumpa mjukuu wake mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ni tamu, ila mjukuu huyo, Wilhelm II, alikalia kiti mwaka 1888, mpaka ukiwa umeshachorwa. Miongoni mwa vilivyouweka mlima upande wa Wajerumani ilikuwa karatasi ya Jühlke, na karatasi hiyo isingekuwapo bila ugomvi wa Moshi na Kibosho.

Rindi aliendelea kuvuna. Mwaka 1889 wajumbe wake walikwenda Berlin pamoja na msafiri Mjerumani Otto Ehlers, wakaonana na Kaizari. Sina naye alijua kusoma bendera: Wajerumani walisema ameishusha yao na kupandisha ile nyekundu ya Sultani. Barghash alikuwa amekufa tangu 1888, lakini kitambaa chake bado kilikuwa na kazi Kibosho. Februari 1891 kamanda wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, aliishambulia Kibosho akiwa na mizinga, na wapiganaji wa Moshi wakiwa naye. Boma la mawe likaanguka. Rindi alikuwa amepata alichokitafuta muda wote huo, na kabla ya mwaka kwisha akafa.

Mwanawe Meli alirithi kiti na marafiki ambao hawakuwa na sababu tena ya kumbembeleza mtu. Juni 1892 aliwapiga Wajerumani, na kiongozi wao von Bülow akauawa. Mwaka uliofuata walirudi na jeshi kubwa, wakamshinda. Tangu hapo aliyekuwa na sikio la maofisa ni Mangi Marealle wa Marangu, ambaye alifanya ujanja ule ule wa Rindi kwa ustadi zaidi, akiwapelekea habari za njama za wenzake. Kwa tuhuma za njama hizo, Machi 2, 1900, Wajerumani waliwanyonga watu 19 Old Moshi. Meli alikuwa mmoja wao, na ukoo wake hadi leo unakidai kichwa chake kutoka Ujerumani. Mwingine alikuwa Molelia, Mangi wa Kibosho, mtoto wa Sina.